Kisima Gani?

Nakumbuka siku moja mchanga ulinidondokea shingoni, chembe chache tu, kama mtu aliyesimama nyuma yangu akininyunyizia kwa vidole. Nilikuwa ndani ya ardhi, mwanangu. Nilitazama juu nikaona mbingu imekuwa ndogo kama sahani ya chai. Nilikuwa na miaka ishirini na minne, shati jeupe, na kalamu mbili mfukoni. Leo mimi ni mzee, na bado mtu akinigusa shingo kutoka nyuma bila kuniita jina, moyo wangu huruka. Wajukuu wanajua. Wakitaka kunichekesha hunifanyia hivyo, nami hucheka nao, lakini sicheki kwa ndani.

Nasikia umechaguliwa kusomea tathmini. Umefanya vizuri. Watakufundisha mambo mengi ambayo sisi hatukuyajua, na mashine zenu zitajumlisha kwa dakika moja hesabu iliyotuchukua wiki nzima. Hayo yote yapokee. Mimi nakuandikia jambo moja tu, ambalo nilifundishwa kwa hofu, na sitaki wewe ulifundishwe kwa njia hiyo.

Ilikuwa miaka ya themanini, kiangazi kikali, mjini Kitui. Tulikuwa wanafunzi sita katika chumba cha mabati ambacho zamani kilikuwa stoo ya mbegu, na bado kilinuka dawa ya wadudu. Tulisomeshwa miezi mitatu ili tuwe watu wa kwenda vijijini kuangalia kama miradi ya maji, ya mbuzi, ya vyoo, ilikuwa imewafaa watu waliojengewa, au ilikuwa imebaki mabango tu kando ya barabara. Mwalimu wetu aliitwa Nduku. Alikuwa mama mdogo wa mwili, amekaribia miaka sitini, aliyefundisha watoto wa darasa la kwanza kwa muda mrefu kabla ya kuingia kazi hii. Alivaa sweta ya kijivu hata jua likiwaka. Hakuwahi kupaza sauti. Akinyamaza, sisi sote tuliangalia chini.

Wiki nzima ya kwanza hatukugusa fomu hata moja. Alitufundisha kitu alichokiita kurudishiwa swali. Unamwuliza mtu swali lako, na kabla hajajibu unamwomba akuambie, kwa maneno yake mwenyewe, umemwuliza nini. Basi. Asubuhi hadi jioni, tulirudishiana maswali kama watoto wanaorushiana mpira.

Niliona ni mchezo wa watoto wa shule. Nilikuwa kijana wa Salama, mwanangu, pale njia panda. Mama yangu aliwauzia madereva wa malori mahindi ya kuchoma, nami nilijifunza Kiswahili kwa madereva hao waliotoka Mombasa, kikateleza mdomoni mwangu kama mafuta. Niliwadharau kidogo wenzangu waliosema Kiswahili chenye Kikamba ndani. Niliwaza: mimi nikiuliza swali, nani hataelewa?

Siku moja Mwalimu Nduku alimwita mama aliyetupikia, akamsimamisha mbele ya darasa na sufuria yake mkononi. Mmoja wetu akamwuliza swali la kwanza la fomu: "Mama, una watoto wangapi?"

"Usijibu, mwaitu," Mwalimu Nduku akamwambia kwa upole, akitumia neno la heshima tunalomwitia mama. "Tuambie kwanza huyu kijana amekuuliza nini."

Yule mama alifikiri. "Ameniuliza nimebakiwa na wangapi," akasema.

Hakuna aliyecheka. Mwenzetu aliyeuliza alishika penseli yake hewani, asijue kama aandike au aiweke chini. Mimi nilijiambia kwamba hilo ni jambo la huzuni, si la kazi. Ndivyo nilivyokuwa.

Nilichojivunia ni majedwali. Mistari yangu ilinyooka, tarakimu zangu zilikaa kama askari. Jioni moja Mwalimu Nduku aliinua karatasi yangu, akaitazama kwa muda.

"Mutiso, una mwandiko mzuri sana," akasema. "Mwandiko wako unanitia hofu."

Wenzangu wakaangua kicheko. "Hofu ya nini, mwalimu?" nikauliza.

"Mtu akiuona hataulizia kitu kingine."

Mwezi wa tatu wa masomo tulitumwa nje, kila mmoja peke yake. Mimi nilipelekwa mbele ya Nuu, kwenye kijiji kilicho kando ya mto wa mchanga. Wewe uliyezaliwa mjini huenda hujawahi kuuona mto wa namna hiyo. Maji hupita juu siku chache tu wakati wa mvua, halafu mto mzima hubaki mchanga mweupe, na maji hujificha chini yake. Kiangazi kikizidi, hujificha chini zaidi. Mradi mmoja wa wafadhili ulikuwa umechimba pale kisima cha saruji chenye bomba la mkono, ili watu wapate maji bila taabu. Nilitakiwa kujua kama wanakitumia.

Nikueleze kilichokuwa mkononi mwangu, maana mimi mwenyewe sikukipima uzito wake. Kamati ya mradi ilikuwa ikae Kitui Ijumaa ya wiki iliyofuata. Kama watu walikuwa wakichota kwenye kisima cha mradi, basi kazi ya Nuu ilikwisha, na mabomba yaliyobaki yangepakiwa kwenye lori yapelekwe kwingine. Kama hawachoti, mafundi wangechimba kingine juu ya mto kabla ya kuondoka. Hakukuwa na njia ya tatu.

Nilifika, nikakikuta kisima, nikashika mpini wa bomba nikapiga mara kumi. Maji yakatoka, meupe, mazuri kwa macho. Nikaandika: bomba linatoa maji. Sikuyanywa. Nilikuwa nimeonywa kuhusu homa ya matumbo, kwa hiyo nilibeba maji yangu kwenye chupa kutoka Kitui.

Pale bombani alikuwepo mfugaji mmoja wa kutoka kaskazini-mashariki, Abdi, akinywesha ngamia wanne. Alinitazama nikiandika.

"Wewe serikali?" akauliza.

"Hapana. Mimi mtathmini."

"Hiyo kazi gani?"

"Naangalia kama mradi unasaidia watu."

"Watu?" Akatazama kushoto na kulia, kama anayewatafuta. "Andika ngamia ya Abdi inasaidiwa. Na hata hiyo, inakunywa ikifunga macho."

Nilicheka, nikafunga daftari. Abdi hakuwa kwenye orodha yangu. Orodha yangu ilikuwa ya wenyeji wa kijiji, nyumba kwa nyumba, na yeye alikuwa mpita njia. Mwanangu, huyo ndiye mtu pekee aliyeniambia kweli ya bomba lile siku zile zote, nami nilimwacha amesimama pale na fimbo yake kwa sababu hakuwa na namba.

Nikaingia nyumba kwa nyumba. Swali la saba lilikuwa hivi: Je, familia hii huteka maji kisimani? Niliuliza kwa Kiswahili, kama ilivyoandikwa, ingawa Kikamba ni lugha ya mama yangu na ya kila mtu aliyekuwa mbele yangu. Niliona Kiswahili kinanipa cheo. Kila nyumba walijibu ndiyo. Niliweka alama, nikasonga mbele. Hakuna hata mtu mmoja niliyemwomba anirudishie swali. Jua lilikuwa kali, na majibu yalikuja mepesi. Jibu likija jepesi, nani anataka kulichokoa?

Nyumba ya mwisho ilikuwa ya mwanamke anayeitwa Syokau. Alikuwa rika langu, ana mimba ya miezi mitano au sita, upindo wa kanga yake umelowa, na mchanga umeng'ang'ania nywele zake. Alinipa kigoda pekee kilichokuwepo, akaniletea uji.

"Familia hii huteka maji kisimani?" nikauliza.

"Eeh, karani. Kisimani. Wapi tena?"

"Kila siku?"

"Kila siku. Hata sasa nimetoka huko."

"Kuna tatizo lolote kisimani?"

Alitazama ukutani, palipotundikwa kibuyu kilichokatwa nusu, kimefungwa kamba nyekundu. Halafu akasema, "Hapana, karani. Kisima iko sawa. Tumezoea."

Nikaandika: hakuna tatizo. Nikanywa uji ule, ukawa mtamu, na nikaongeza pembeni, kwa mwandiko wangu mzuri, kwamba mtathmini mwenyewe ameyaonja maji katika uji na ni matamu.

Jumanne nilimkabidhi Mwalimu Nduku ripoti. Aliisoma amesimama. Alipofika katikati akakaa. Nilisubiri sifa.

"Nyumba zote?" akauliza.

"Zote, mwalimu."

"Hakuna hata mtu mmoja aliyelalamika kuhusu foleni? Bomba gumu? Jirani mchoyo?"

"Hakuna."

Alivua miwani. Uso wake ulibadilika, nami nikawa kama mtoto aliyesikia jina lake likiitwa mara ya pili.

"Mutiso. Kisima gani?"

"Kisima, mwalimu. Kiko kimoja tu."

"Walikurudishia swali?"

Nilitafuta uongo nikaukosa. Alifunga faili. Hakunigombeza, na hilo ndilo lililoniogopesha. Alikwenda mwenyewe kuomba gari, na alfajiri ya Jumatano tulikuwa njiani, dereva, yeye na mimi. Tulipita Zombe bila kusimama. Njia nzima alishika faili yangu mapajani kwa mikono miwili, kama mtu anayezuia kifuniko cha chungu kisifunuke. Nilitaka sana aseme neno, hata la kunitukana. Alisema moja tu, tulipokaribia.

"Naomba tukute nimekosea."

Kwenye bomba, aliniambia nitazame chini kabla sijagusa kitu. Nikatazama. Ardhi ilikuwa imejaa alama za kwato, za mbuzi, za punda, na nyayo pana za ngamia. Tulizunguka mara mbili. Tulipata alama za viatu vya Abdi vya tairi, na za viatu vyangu za wiki iliyopita. Nyayo za mwanamke hazikuwepo. Nyayo za mtoto hazikuwepo.

"Sasa kunywa," akasema.

Nilichota kwa kiganja. Chumvi ilinikamata koo nikakohoa hadi machozi. Na papo hapo nikakumbuka uji wa Syokau, jinsi ulivyokuwa mtamu. Kama maji yale hayakutoka hapa, yalitoka wapi?

Abdi alikuwa amekaa kivulini na ngamia wake. "Karani wa viatu amerudi," akasema. "Leo umeonja?"

"Wanawake wako wapi?" Mwalimu Nduku akamwuliza.

Hakufanya mzaha tena. Alinyoosha fimbo kuelekea chini ya mto. "Huko. Wanaingia."

Wanaingia. Nilitembea nikilisikia neno hilo. Tuliwakuta kwenye kona ya mto, wanawake saba au wanane, wamesimama kimya kuzunguka shimo mchangani. Kimya kile sitakisahau. Wanawake wetu hawafanyi kazi kimya, wewe wajua. Lakini mtu akiwa ndani ya shimo la mchanga, walio juu hawasemi kwa sauti, hawatembei ovyo, na wote huvua viatu, kwa sababu mchanga husikia mguu mzito. Mwalimu Nduku alivua vyake ukingoni bila kuambiwa. Mimi sikuona. Macho yangu yalikuwa kwenye shimo.

Lilikwenda chini kupita urefu wa watu watatu. Lilikuwa na vidaraja vilivyochongwa mchangani, na wanawake wawili walisimama juu yavyo wakipokezana vibuyu kutoka chini. Na chini kabisa, mahali ambapo mwanga uliishia, mtu alikuwa amepiga magoti akikwangua maji.

"Ni nani huyo?" nikanong'ona.

Mtu yule akainua uso. Alikuwa Syokau, na tumbo lake.

"Karani, umerudi?" Sauti yake ilitoka ardhini, ndogo, bila mshangao. "Si nilikuambia. Kisimani."

Hapo ndipo nilipoelewa, mwanangu. Kwa Kikamba, shimo lile la mchangani huitwa kithima. Ukisema kisima kwa mtu wa Nuu, anasikia kithima. Kile cha saruji, kile cha mradi, hakuna aliyewahi kukiita kisima. Walikiita bomba. Nilikuwa nimekwenda nyumba kwa nyumba nikiwauliza: je, mnashuka ndani ya mchanga? Nao wakajibu: ndiyo, kila siku, wapi tena. Na kila ndiyo niliiandika kama ushindi. Neno lile nililinyonya pamoja na maziwa ya mama yangu. Mgeni kutoka ng'ambo angekosea, tungemsamehe. Mimi nilikosea kwa sababu nilijifanya mgeni.

Mwalimu Nduku alinishika kiwiko. "Mwambie apande, upokee nafasi yake. Ujaze kibuyu kimoja. Kimoja tu. Halafu ndipo utaniandikia swali la saba."

Nikashuka. Syokau alikuwa bado hajaanza kupanda, kwa hiyo tukawa wawili chini. Kulikuwa na baridi na harufu ya kitu kilichofungiwa siku nyingi. Walikuwa wamechimba kwa pembeni, chini ya ukuta, kufuata maji, na ilibidi uingize kichwa na mabega mle ndani ili ufikishe kibuyu. Niliingiza. Hapo ndipo chembe za kwanza ziliponidondokea shingoni.

Nilirudi nyuma haraka, nikainuka, nikakanyaga kidaraja kwa kisigino. Kisigino cha kiatu, mwanangu. Bado nilikuwa na viatu.

Ukuta haukupiga kelele. Ulishuka kama pazia. Nilipofumbua macho mchanga ulikuwa umenifika mapajani, na mwanga ulikuwa umepungua nusu. Nilivuta mguu kwa nguvu zangu zote, na juu yangu nikasikia mchanga mwingine ukijibu, shhh, kama mtu anayemtuliza mtoto.

"Usivute," Syokau akasema. Yeye alikuwa ameegemea upande wa pili, mchanga umemfika magotini. Alisema polepole, kama anayesema na mbuzi aliyenaswa. "Ukivuta unaita ingine. Kaa hivyo. Pumua kidogo."

"Tutakufa," nikasema.

"Wewe nyamaza tu, karani."

Alianza kunichimbua kwa nusu kibuyu chake, kijiko baada ya kijiko, akimwaga nyuma yake. Alinichimbua mimi kabla ya kujichimbua mwenyewe. Kila mara alisimama, akasikiliza, akaendelea. Juu hakuna aliyelia wala kuita. Niliona uso wa Mwalimu Nduku kwenye ile sahani ya mbingu, na nilivyomwona ndivyo nilivyojua kwamba huenda nisitoke, kwa sababu midomo yake ilikuwa ikienda bila sauti. Niliona kamba ikishuka. Sijui ilichukua muda gani. Nilipotoka nilitoka bila viatu, vimebaki humo hadi leo. Syokau alitoka nyuma yangu. Tulikuwa tumelala kifudifudi ukingoni wakati shimo lote lilipojifunga, taratibu, na mahali pale pakawa mchanga mweupe tu, sawasawa, kama hapajawahi kuwa na kitu.

Wanawake walitazama. Mmoja akafuta mikono. "Basi tuchimbe ingine," akasema.

Nilimwuliza Syokau, safari hii kwa Kikamba, kwa nini hakuniambia. Nilimwuliza kama kuna tatizo, naye akasema hapana.

"Uliuliza kama kisima iko na tatizo," akajibu. "Mimi nikafikiri unauliza kama imekauka. Haikuwa imekauka."

Kisha akaniambia habari za kile kibuyu cha kamba nyekundu ukutani. Kilikuwa cha dada ya mumewe. Alishuka kiangazi kilichopita, asubuhi kama hii. Walikipata kibuyu kwanza.

Mwalimu Nduku alikaa mchangani, sweta yake ya kijivu imejaa vumbi. "Mimi ndiye niliyekwambia ushuke," akasema. "Nilitaka uogope kidogo. Hilo ni kosa langu, nami nitalisema Ijumaa." Na kweli alilisema. Sijawahi kumwona mwalimu mwingine akifanya hivyo mbele ya watu.

Alhamisi tulipita nyumba zote upya. Niliuliza kwa Kikamba, nikiwa miguu mitupu kwa kukosa viatu, na kila mtu nilimwomba kwanza anirudishie swali. Ilichukua siku nzima. Abdi nilimwandikia ukurasa wake mwenyewe.

Ijumaa nikasimama mbele ya kamati. Mwenyekiti alikuwa na nakala ya jedwali langu la kwanza, maana mimi mwenyewe nilikuwa nimeshamtumia kwa kujivuna.

"Huku naambiwa kila mtu anateka kisimani," akasema. "Huku naambiwa hakuna. Kijana, tuamini ipi?"

Nilimwona akipitisha kidole juu ya jedwali lile safi, na nilijua analipenda. Ripoti ya pili ilikuwa na mikunjo na mchanga, herufi zake zimepinda kwa sababu mkono wangu ulikuwa bado haujatulia. Niliogopa pale kuliko nilivyoogopa shimoni. Shimoni nilikuwa mimi na Syokau. Hapa ni kana kwamba wanawake wote wa kijiji kile walikuwa shimoni, na mimi ndiye niliyekuwa juu ukingoni.

"Ya kwanza niliiandika mimi," nikasema. "Ni uongo, ingawa hakuna aliyenidanganya." Nikawaeleza yote, hata kiatu.

Mzee mmoja wa kamati akasema, "Kumbe karani ameonja kaburi ndipo akaonja maji." Wakacheka kidogo. Wakakubali kisima kipya kichimbwe juu ya mto, mahali ambapo wanawake wenyewe wangeonyesha. Lakini lori la mafundi lilikuwa Makueni, na lisingerudi hadi wiki nyingi zipite.

Wiki hizo ndizo zilizonizeesha. Wanawake walikuwa bado wanaingia. Kila siku ya soko nilisimama mahali wanaposhukia watu wa Nuu, nikiogopa kuuliza na nikiogopa kutouliza. Nikimwona mtu ana uso wa msiba, nilijificha nyuma ya magunia hadi nisikie anazungumza nini. Cheti changu nilikipokea siku moja katikati ya wiki hizo, na sikumbuki hata nilikiweka wapi.

Kisha mchana mmoja nikasikia, "Karani wa viatu." Alikuwa Abdi, ameleta ngamia wawili wa kuuza. Alitia mkono ndani ya mfuko wake, akatoa chupa ya soda iliyozibwa kwa gunzi la hindi, imejaa maji.

"Yule mama mwenye mtoto mchanga amekutumia," akasema. "Anasema hii ya bomba mpya, uonje. Na anasema vua viatu kwanza."

Niliinama pale sokoni, katikati ya watu, nikafungua kamba za viatu vyangu vipya. Nilikunywa chupa yote. Yalikuwa matamu, mwanangu. Abdi alilalamika kwamba siku hizi wanawake wamejaa bombani hata ngamia wake hawapati nafasi. Nilimwomba aseme tena hayo malalamiko. Aliyasema mara tatu, akidhani nimepata wazimu, na mimi nilisimama miguu mitupu nikiyasikiliza.

Sasa sikia ninachokuomba. Kabla hujapeleka fomu yako kwa watu mia, ipeleke kwa watatu, na uombe swali lako lirudi kwako likiwa katika midomo yao. Ukikuta limebadilika, usiwasahihishe wao, jisahihishe wewe. Uliza kwa lugha wanayoitumia kusali na kugombana, hata kama ile nyingine inakupa cheo. Onja kitu unachokiandika. Tazama chini, uone ni nyayo za nani. Mtu asiye kwenye orodha yako akikutania, simama umsikilize, huenda yeye ndiye pekee asiyekuonea haya. Na nyumba zote zikikujibu sawasawa, bila lalamiko hata moja, usifurahi. Ogopa. Hofu hiyo usiione aibu, wala usikubali mtu yeyote akuondolee. Mimi nimeibeba tangu nilipotolewa shimoni, na imenilinda nisimzike mtu kwa kalamu.

Nenda basi, mwanangu. Mungu akutangulizie sikio mbele ya mkono. Akupe walimu wanaojua kukiri kosa lao mbele ya watu. Akuepushe na sifa za mwandiko wako. Na ukijikuta mahali ambapo ukuta umeshuka na mwanga umepungua, awepo karibu nawe mtu kama Syokau, akuambie usivute mguu, na akuchimbue polepole hadi utoke. Ukifika huko watakakokutuma, unikumbuke, uvue viatu.